Rangi, Joto na Kodi ya Nyumba: Jibu kwa Mpwa Wangu Kutoka Houston

Mpwa wangu aliyeko Changamwe, Mombasa, anafikiria kuja Marekani, hapa Houston, Texas, ninakoishi, na juzi aliniuliza swali ambalo najua wengi nyumbani wanalo ila wanaona haya kuliuliza. "Shangazi," alisema, "kazi unayo, gari unalo, nyumba yako ina kiyoyozi. Sasa huo ubaguzi wa rangi mnaoulalamikia kila siku unakuzuia nini hasa? Na hayo mambo ya mazingira yanaingiaje humo, kwani hewa nayo huchagua rangi ya mtu?" Aliomba jibu fupi. Fupi sina, lakini la kweli ninalo.

Nianze kwa kukiri kwamba kutukanwa kwa ajili ya rangi yangu ni jambo ambalo limenipata mara chache. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuhakikisha wamemeza dawa. Wazee wengi Weupe niliowahudumia ni watu waungwana ambao hawajawahi kunionyesha dharau, na anayetarajia simulizi za kutemewa mate barabarani atasikitika. Ubaguzi ninaoushuhudia hauhitaji mtu mbaya awepo ili ufanye kazi, kwa kuwa ulikwisha kupangwa zamani katika ardhi yenyewe: nani akae wapi, na kitu gani kijengwe karibu naye.

Mahali ninapouona kwa urahisi zaidi ni kwenye kipimajoto cha gari langu. Mwezi wa Agosti, nikitoka kwa mteja anayeishi mitaa ya matajiri iliyofunikwa na mialoni mikubwa na kuelekea Gulfton upande wa kusini-magharibi, namba hupanda kabla sijafika hata nusu ya njia. Sikuwa naota. Agosti 2020 watu wa kujitolea walizunguka Houston na viunga vyake wakiwa na vipimajoto kwenye magari yao, na katika alasiri ya siku moja walikuta tofauti ya takriban nyuzi 9 za Selsiasi kati ya mahali penye joto kali kuliko pote na mahali palipo baridi zaidi. Gulfton ndiyo iliyoongoza kwa joto, ikiwa na zaidi ya nyuzi 39.

Gulfton ni mahali ambapo wewe, mpwa wangu, ungefikia. Majengo yake ya vyumba vya kupanga yalijengwa kwa wingi miaka ya 1970, mafuta yalipokuwa yakimwaga fedha mjini, kwa ajili ya vijana waliokuja kufanya kazi katika makampuni ya mafuta. Bei ya mafuta ilipoanguka miaka ya 1980 vijana wale waliondoka, wenye nyumba wakashusha kodi, na wakaingia wahamiaji kutoka Amerika ya Kati na baadaye wakimbizi kutoka kila pembe ya dunia. Leo unaweza kusikia Kiswahili cha Kongo kwenye ngazi za majengo hayo. Ardhi imejaa lami na saruji, miti ni ya kuhesabika, na ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto usiku wa manane. Kiyoyozi kipo, ndiyo, lakini ni kikuukuu, na bili ya umeme ya Agosti humfanya mama mwenye watoto wanne akizime saa zile zile anazokihitaji. Kwa hiyo unaponiambia nina kiyoyozi, ujue kwamba kuwa nacho na kuweza kukiwasha ni mambo mawili.

Hali hii haikutokea yenyewe. Miaka ya 1930 shirika la serikali kuu lililoundwa kuokoa mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji mingi ya Marekani, Houston ikiwemo, na kuipaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kwa mkopeshaji. Kuwepo kwa Weusi katika mtaa kulitosha kuufanya uonekane wa hatari. Pasipokuwa na mikopo hapakuwa na ukarabati wala bustani, na thamani ya ardhi ikabaki chini, kwa hiyo barabara kuu na viwanda vilipotafuta mahali pa kupita vilipita hapo. Mwaka 2020 watafiti walilinganisha ramani hizo na halijoto ya sasa katika miji 108, wakakuta kwamba katika asilimia 94 ya miji hiyo mitaa iliyopakwa nyekundu ndiyo yenye joto zaidi hadi leo, mingine kwa nyuzi 7. Waliochora wamekwisha kufa wote, nadhani, na sheria ya 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika makazi, lakini miti ambayo haikupandwa haikuota kwa sababu ya sheria.

Houston ina jambo lake la pekee: mji huu mkubwa hauna sheria ya kutenga maeneo ya makazi na ya viwanda kama miji mingine. Mtaa wa matajiri hujilinda kwa masharti yaliyoandikwa katika hati za viwanja na kwa mawakili wa kuyatetea, na mtaa usio na mawakili hujikuta ukipakana na yadi ya vyuma chakavu. Hapa ndipo harakati zinazoitwa haki ya mazingira zilipopata moja ya kesi zake za kwanza. Mwaka 1979 wakazi wa Northwood Manor walisikia kwamba jalala la taka lingejengwa karibu na nyumba zao na shule ya watoto wao. Wakili Linda McKeever Bullard alifungua kesi, akamwomba mumewe, Robert Bullard, mwanasosholojia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Texas Southern, amtafutie ushahidi. Yeye na wanafunzi wake wakapitia rekodi na kuzunguka mitaani, na walichokikuta ni hiki: majalala yote 5 ya manispaa yalikuwa katika mitaa ya Weusi, na matanuri ya kuchomea taka 6 kati ya 8 vilevile, ilhali Weusi walikuwa robo tu ya wakazi wa mji.

Utadhani kesi ilishinda. Haikushinda, kwa kuwa sheria ilidai ithibitishwe kwamba mtu alikusudia kubagua, na hakuna ofisa anayeandika kusudi kama hilo kwenye karatasi. Jalala likajengwa. Sijui kama nyumbani tunaelewa vya kutosha jinsi sharti hili la kuthibitisha nia linavyoweza kumlinda mkosaji: takwimu zinamshtaki, mahakama inamwachilia, naye anaweza kuendelea kusema kwa moyo mweupe kwamba hakuna mtu aliyemchukia.

Kuna hoja ambayo najua utaitoa, kwa sababu na mimi niliitoa nilipofika: kwamba huu ni umaskini, na maskini wa rangi yoyote hukaa pabaya. Ni hoja yenye uzito, ila hao wa Northwood Manor hawakuwa maskini. Walikuwa watu wa tabaka la kati wenye nyumba zao wenyewe. Mwaka 1982, katika kaunti ya Warren, North Carolina, ambako wakazi wengi walikuwa Weusi, serikali ya jimbo ilileta malori ya udongo uliochafuliwa kwa kemikali za sumu ziitwazo PCB ili uzikwe huko, na watu zaidi ya 500 walikamatwa wakiyazuia, wengine wakilala barabarani. Miaka mitano baadaye tume ya haki za rangi ya kanisa la United Church of Christ ilichapisha uchunguzi wa nchi nzima, ikabainisha kwamba rangi ya wakazi ilitabiri mahali pa taka za sumu vizuri zaidi kuliko kipato chao. Na utafiti wa 2019 kuhusu chembechembe laini za hewani, zile zinazoingia hadi ndani ya mapafu, ulionyesha kwamba Wamarekani Weusi huvuta uchafu unaozidi kwa asilimia 56 ule unaotokana na matumizi yao wenyewe, ilhali Weupe huvuta pungufu kwa asilimia 17. Kwa maneno mengine, mmoja ananunua na mwingine anakohoa.

Kukohoa huko nimekuona kwa macho yangu. Mtaani Fifth Ward palikuwa na yadi ya reli ambamo mataruma ya mbao yalilowekwa kwenye kreosoti, yale mafuta meusi ya kuzuia mbao isioze, mpaka 1984. Yadi ilipoacha kazi hiyo, sumu ilibaki ardhini. Mwaka 2019 idara ya afya ya jimbo la Texas ilitangaza kwamba saratani kadhaa za watu wazima, ya mapafu na ya umio zikiwemo, zilikuwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa katika eneo hilo, na 2021 ikatangaza hivyo kuhusu saratani ya damu kwa watoto. Kampuni ya reli inashikilia kwamba hakuna ushahidi wa kuyaunganisha mambo hayo mawili. Bibi mmoja niliyemhudumia karibu na hapo alikuwa na karatasi kwenye mlango wa jokofu, ameandika kwa kalamu ya risasi majina ya majirani waliougua, nyumba kwa nyumba, bila kumwomba mtaalamu yeyote ruhusa. Mwaka 2023 mji ulitangaza mpango wa kutoa fedha kwa waliotaka kuhama. Yeye hakutaka, nyumba ile ndiyo mali pekee ambayo wazazi wake walimwachia, na fedha za kuhama hazinunui nyumba nyingine mjini penye hewa nzuri.

Sasa ongeza tabianchi juu ya hayo yote. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilimwaga mvua ya zaidi ya milimita 1,000 katika sehemu nyingi za eneo hili, na serikali kuu ikatoa mabilioni ya dola kwa ajili ya kuzuia mafuriko ya baadaye. Mwaka 2021 ofisi ya jimbo iliyopewa kugawa fungu la kwanza, takriban dola bilioni 1, haikuupa mji wa Houston hata senti. Machi 2022 wizara ya nyumba ya serikali kuu iliamua kwamba vigezo vya mgao huo viliwabagua wakazi Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ofisi ya jimbo ilikanusha. Mvua, kama hewa, hainyeshi kwa rangi. Mitaro ya kuyatoa maji ndiyo inayojengwa kwa rangi.

Julai 2024 kimbunga Beryl kilikata umeme kwa wateja zaidi ya milioni 2, na joto likafuata mara tu mawingu yalipoondoka. Nilikuwa na mteja anayetegemea mashine ya oksijeni. Tulihesabu mitungi ya akiba, tukampigia simu kila tuliyemjua mwenye jenereta, na mwishowe binti yake akampeleka kwa jamaa mji mwingine. Katika mtaa mwingine ninakofanya kazi, jenereta ya nyumba ilijiwasha yenyewe kabla mzee hajaamka, na nilipofika alikuwa akitazama habari za kimbunga kwenye televisheni.

Nisije nikakufanya udhani kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao. Wewe unaishi mwendo mfupi kutoka Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwapa wakazi sumu ya madini ya risasi, na waliotoa vibali na waliofumba macho walikuwa Wakenya wenzetu. Mwanaharakati Phyllis Omido alipambana miaka mingi, wanakijiji wakashinda shilingi bilioni 1.3 mahakamani mwaka 2020, na ikabidi wafike hadi Mahakama ya Juu, iliyowapa haki Desemba 2024. Mnyonge hutafutwa kwa alama yoyote iliyo karibu: hapa Marekani alama ni rangi, huko kwetu ni kutokuwa na hati ya kiwanja. Lakini ukipanda juu ukaitazama dunia nzima, rangi inarudi. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliomaliza mifugo kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia ulifanywa kuwa na uwezekano mara 100 zaidi, kwa uchache, na moshi uliorundikana hewani na kuipasha dunia joto, na moshi huo kwa sehemu kubwa haukutoka kwa mfugaji wa Marsabit. Sehemu yake ilitoka hapa ninapoishi, kwenye viwanda vya kusafisha mafuta vilivyopangana kandokando ya mfereji wa meli. Mishahara ya mji huu, wangu ukiwemo kwa njia ndefu, inatoka humo, na fedha ninazotuma nyumbani pia.

Je, serikali inafanya nini? Mwaka 1994 Rais Clinton alitoa amri iliyozitaka idara zote za serikali kuu zizingatie haki ya mazingira kwa watu wa rangi na wenye kipato cha chini. Amri hiyo haikuwa na meno mengi, lakini ilidumu zaidi ya miaka 30, mpaka Rais Trump alipoifuta Januari 2025. Wanaharakati wa mitaa hawajaacha kukutana, ila sasa wanajadili zaidi mahakama na baraza la mji kuliko Washington.

Kwa hiyo, mpwa wangu, ukija, usikubali kusaini mkataba wa nyumba kwa picha za simu. Uliza kilichokuwa juu ya ardhi hiyo kabla ya majengo, uliza kama ilifurika mwaka 2017, na nenda ukasimame nje saa tisa alasiri uone kama kuna kivuli. Uliza pia bili ya Agosti iliyopita, si ya Februari. Utagundua haraka kwamba nyumba zinazofaulu mtihani huu zinazidi mshahara wako wa kwanza, na hilo ndilo jibu la swali lako kuhusu rangi inanizuia nini. Chumba cha pili kwangu kipo mpaka utakapopata kazi. Kiko ghorofa ya juu chini ya bati, kinatazama barabara kuu yenye njia 8, na kodi yake ni nafuu kwa sababu hizo mbili.