Maswali na majibu: Likizo ya wenyeji kando ya bahari, Hawaii

Safu iliyopita ilihusu jirani zetu hapa Oahu: baba dereva wa basi, mama mhudumu wa hospitali, watoto watatu na bibi yao, wote wazaliwa wa kisiwa hiki. Walifunga mlango wa nyumba yao Kalihi, wakaendesha gari chini ya saa moja hadi Ko Olina upande wa magharibi, wakakaa siku chache katika hoteli inayotazama bahari. Hawakupanda mlima, hawakukodi boti, hawakukata tiketi ya kitu chochote. Barua zimekuja nyingi. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Bahari wanaiona kila siku. Kwa nini wailipie? — Msomaji, Dodoma

Kalihi ni mtaa wa wafanyakazi. Nyumba moja hukaa vizazi vitatu, kodi iko juu, na watu wazima wengi wana kazi mbili. Siku ya mapumziko nyumbani huishia kwenye kufua, kupika na kumpeleka bibi kliniki. Bibi huyo alisafisha vyumba vya wageni Waikiki, ufuko wenye hoteli nyingi, mpaka alipostaafu. Safari hii kitanda chake kilitandikwa na mtu mwingine. Alilala mpaka jua likapanda, kisha akatoka barazani na kikombe cha kahawa akawatazama wajukuu wakicheza majini. Hicho ndicho walichokilipia, na kwa maoni yangu hawakupunjwa hata senti.

Tunatoka Texas na watoto, tuna siku tano. Tutembelee visiwa vingapi? — Baba wa wanne, Houston

Kimoja, ndugu yangu. Nasema hivi nikijua kwamba mmelipa nauli kubwa na mnataka kuona kila kitu.

Wengi wetu tuliozoea boti ya Dar kwenda Unguja tunadhani hapa nako unashuka bandarini na kuvuka. Haiko hivyo. Kutoka Oahu hakuna boti ya abiria ya kwenda Maui wala Kauai. Iliwahi kuwapo meli kubwa ya kubeba watu na magari, Superferry, iliyoanza mwaka 2007, lakini ilisimama 2009 baada ya mahakama kuona kwamba tathmini ya mazingira haikufanywa ipasavyo. Kwa hiyo kuhama kisiwa ni kupanda ndege. Angani hamkai hata saa moja, ila mtafungasha mizigo, mtarudisha gari, mtapanga foleni ya ukaguzi, mtakodi gari jingine na kusubiri chumba kiwe tayari. Nusu ya siku imekwenda, na watoto wamechoka.

Jirani zetu waliishi hivi: asubuhi majini, kabla jua halijawa kali. Saa sita wanarudi chumbani kula wali waliopika wenyewe (familia nyingi za hapa husafiri na sufuria lao la umeme la kupikia wali, na hakuna anayeona ajabu). Mchana wanalala. Alasiri karata. Jioni wanakaa kwenye nyasi kutazama jua likizama, maana Ko Olina inatazama magharibi. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya pili mtoto wa kati, ambaye nyumbani hashiki kitabu, alisoma kimoja mpaka mwisho. Mkiwa na siku tano, tatu ziende hivyo, na mbili zilizobaki mtembee.

Mume wangu ni mwanajeshi wa Marekani, tumehamia Schofield Barracks. Je, nasi tunapata bei ya wenyeji? Na kodi zikoje? — Dada kutoka Arusha, sasa Oahu

Karibu sana, dada. Bei unayoiulizia huitwa hapa bei ya kamaaina, yaani ya mkazi. Kwetu Afrika Mashariki tunaijua vizuri: hoteli za Diani na za mbuga za Serengeti zina bei ya mkazi na ya mgeni. Hapa haikuwekwa na sheria, kila hoteli hujipangia. Kwa kawaida wanataka leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo la Hawaii, na mwenye kitambulisho lazima awe mmoja wa watakaolala. Hoteli nyingi humpa mwanajeshi aliyepangiwa kazi hapa bei hiyo hiyo, au zina bei maalumu ya jeshi. Piga simu uulize kabla ya kuweka nafasi, kwa sababu kwenye tovuti bei hizo mara nyingi hujificha. Wakati wa Krismasi na likizo za shule punguzo hupungua au huondolewa kabisa. Septemba na mwanzo wa Desemba ndipo vyumba vinapopatikana kwa nafuu.

Nyinyi mna mlango mwingine ambao jirani zangu hawana. Hale Koa, hoteli iliyoko Fort DeRussy, Waikiki, ilifunguliwa mwaka 1975 kwa ajili ya wanajeshi, wastaafu wa jeshi na familia zao, na bei hutegemea cheo: mwenye cheo cha chini hulipa kidogo zaidi. Iko ufukweni kabisa. Anzeni hapo.

Sasa kodi, ambazo zimewaumiza wengi. Tangu Januari 2026 jimbo linatoza asilimia 11 ya bei ya chumba, kaunti inaongeza 3, na kodi ya jumla ya biashara hapa Oahu hufika 4.712. Jumla ni karibu asilimia 18.7, na mkazi analipa kama mgeni. Chumba cha dola 300 kinakuwa dola 356. Juu ya hapo hoteli nyingi za ufukweni zina ada ya lazima ya kila siku, eti kwa ajili ya taulo, intaneti na kadhalika. Kanuni ya serikali kuu iliyoanza Mei 2025 inawataka wauzaji waonyeshe bei ikiwa na ada hiyo tangu mwanzo, jambo jema, lakini kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa mwishoni. Maegesho nayo ni hesabu ya peke yake. Waikiki yanaweza kupita dola 50 kwa usiku mmoja. Andika yote hayo kwenye karatasi kabla hujafurahia bei ya kwanza uliyoiona.

Mwanangu ana miaka mitano na hajui kuogelea. Wapi maji yametulia? — Mama Junior, Minneapolis

Ko Olina kuna vihori vinne vilivyochimbwa na kuzungushiwa mawe, mawimbi yanavunjikia nje. Waikiki kuna Kuhio Beach, ambako ukuta umekata sehemu ya bahari, na karibu na Hilton Hawaiian Village kuna bwawa la maji ya chumvi lenye jina la Duke Kahanamoku, muogeleaji wa Honolulu aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Stockholm mwaka 1912.

Usiyaamini maji kwa sababu ya utulivu wake, mama. Si kila ufuko una mwokoaji. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea, na mtu mzima mmoja awe karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono, bila simu. Kuanzia Novemba hadi Februari mawimbi ya kaskazini ya kisiwa, kama Waimea, hupanda kama nyumba. Nendeni mkayatazame mkiwa mbali na ukingo. Wakati wa kiangazi bahari ya kusini nayo hupata mawimbi yake.

Na kuna konyeza, wale wanyama laini wenye mikia inayounguza. Kwenye fuko za kusini mwa Oahu aina mojawapo hatari hufika siku 8 hadi 10 baada ya mwezi mpevu. Kwa wanaofuata kalenda ya Kiislamu hesabu ni rahisi: ni kama tarehe 22 mpaka 25 ya mwezi. Siku hizo tazama vibao vya waokoaji ufukweni. Aliyeunguzwa amwagiwe siki, mikia iliyobaki iondolewe, na akishindwa kupumua vizuri ita gari la wagonjwa mara moja.

Hatuli nguruwe. Tutashinda njaa? — Familia ya Kizanzibari, Toronto

Hamtashinda njaa, ila ulizeni kila mara. Nguruwe yumo kwenye vyakula vingi vinavyopendwa hapa: kalua ya kuchimbiwa shimoni, laulau inayofungwa kwenye majani ya magimbi, musubi ya Spam (tonge la wali na nyama ya kopo) inayouzwa hata kituo cha mafuta, na wakati mwingine ndani ya mboga usizozitilia shaka.

Furaha yenu itatoka baharini. Poke ni jodari mbichi aliyekatwa vipande, akachanganywa na sosi ya soya, mafuta ya ufuta, vitunguu na mwani. Asiyeweza kula samaki mbichi aagize wa kuchoma. Halafu kuna magimbi. Ndiyo, magimbi yetu, na kwa Wahawaii ni chakula chenye heshima kuliko vyote. Huyachemsha na kuyaponda yakawa uji mzito unaoitwa poi, na ukikaa siku mbili tatu unaanza uchachu. Majani yake hupikwa na tui la nazi pamoja na pweza. Mtu wa Pemba akionja chakula hicho hatauliza kimetoka wapi, ataomba sahani ya pili. Chukueni chumba chenye jokofu na jiko dogo ikiwezekana. Msikiti uko katika bonde la Manoa, si mbali na Waikiki.

Ufuko ulio mbele ya hoteli ni wa hoteli? — Kijana, Mombasa

Hapana. Mwaka 1968, katika kesi ya Ashford, Mahakama ya Juu ya Hawaii iliweka mpaka wa ardhi ya mtu binafsi pale mawimbi yanapofika juu kabisa. Kutoka hapo kwenda majini ni mali ya umma. Viti na miavuli ndivyo vya hoteli. Ukiona kibao cha njia ya umma katikati ya hoteli mbili za kifahari, pita bila woga, tandika kanga yako ukae.

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Ataishia kutazama kwa mbali? — Binti, Dallas

Shikamoo yangu mfikishie. Jiji la Honolulu lina viti vyenye magurudumu mapana ya kupita mchangani, vinavyoazimwa bure katika baadhi ya fuko, Ala Moana ikiwamo. Uliza mapema kama vipo siku mtakayokwenda. Na chumba kiwe cha ghorofa ya chini, karibu na njia ya saruji.

Watoto wanataka kumgusa kasa. — Mama, Columbus

Wasimguse. Kaeni mita 3 kutoka kwa kasa na mita 15 kutoka kwa sili wa Hawaii, mnyama wa baharini anayenyonyesha, hata kama amelala mchangani kama mfu. Anapumzika tu. Sili mwenye mtoto mpeni mita 45. Mafuta ya kukinga jua yenye oksibenzoni au oktinoksati hayauzwi hapa tangu 2021 kwa ajili ya kulinda matumbawe, kwa hiyo msiyabebe kutoka huko. Fulana ya mikono mirefu inazuia jua vizuri zaidi.

Nimesoma historia ya visiwa hivyo na moto wa Lahaina. Dhamiri inanisuta kwenda kustarehe huko. — Mwalimu, London

Mwalimu, swali lako ni zito na nimelifikiria kuliko mengine yote.

Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa Januari 1893 na kundi la wafanyabiashara, wanajeshi wa majini wa Marekani wakiwa wameteremshwa nchi kavu. Mwaka 1895 Malkia Liliuokalani alifungwa katika chumba cha ghorofani cha jumba lake mwenyewe, Iolani. Mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani, na mwaka 1959 vikawa jimbo. Wenyeji wa asili wengi leo hawawezi kumudu nyumba katika nchi ya babu zao, wanahamia Las Vegas. Agosti 8, 2023, moto uliteketeza mji wa Lahaina, kisiwani Maui, na kuua watu 102. Maelfu waliopoteza nyumba walihifadhiwa kwenye hoteli za Maui, ufuko ule ule ambao wageni wanalipia kustarehe.

Hata hivyo jirani yangu mstaafu wa usafi wa vyumba hangekubali nikwambie usije. Mishahara ya ndugu zake inatoka humo. Mwaka 2024 wafanyakazi wa Hilton Hawaiian Village waligoma kwa wiki kadhaa wakidai malipo bora na watu wa kutosha wa kugawana kazi. Hawakudai hoteli ifungwe. Walitaka kazi moja iweze kulisha familia.

Njoo, basi, na utembelee Jumba la Iolani kabla ya ufuko, usimame kwenye chumba kile. Lala kwenye hoteli halali badala ya nyumba ya mtaani iliyogeuzwa ya wageni bila kibali, kwa kuwa nyumba hizo zinawapandishia wenyeji kodi ya pango. Kula kwenye vibanda vya wenyeji. Anayesafisha chumba muachie bakshishi kila siku, kwa sababu wa kesho huenda si wa leo. Ukiambiwa kwamba mahali fulani hapaingiwi, usiingie.

Tukiwa huko tunataka kumpigia bibi Tanga. Saa ngapi inafaa? — Wajukuu, Atlanta

Hawaii iko nyuma ya Tanga kwa saa 13, mwaka mzima, kwa kuwa kote kuwili saa hazibadilishwi. Pigeni saa moja jioni, jua likiwa limezama au linakaribia kuzama kutegemea msimu. Kwa bibi itakuwa saa mbili asubuhi ya kesho yake, amekwisha kunywa chai. Msipige baada ya kifungua kinywa chenu: saa tatu asubuhi ya hapa ni saa nne usiku ya kwake.