Nimechanganya bakteria watatu wa mikunde: naweza kupata hataza?

Swali: Mimi ni mtafiti wa vijidudu vya udongo. Nimetenga bakteria watatu kutoka kwenye mizizi ya mikunde: Rhizobium mmoja, Bacillus mmoja na Pseudomonas mmoja. Mbegu zikipakwa mchanganyiko wao kabla ya kupandwa, mimea inastawi kuliko ikipakwa Rhizobium peke yake. Mwezi ujao nitaonyesha matokeo kwenye mkutano wa kisayansi. Je, mchanganyiko huu unaweza kupewa hataza, yaani haki ya pekee ya kisheria juu ya uvumbuzi, au kwa kuwa bakteria ni wa asili hakuna cha kulinda? Au si afadhali niufanye siri tu?

Jibu: Ndugu mtafiti, naanza na mkutano maana ndio wenye haraka. Usionyeshe chochote kabla ofisi ya hataza haijapokea ombi lako. Uvumbuzi ukishafika hadharani unapoteza upya wake, na hadharani si lazima pawe kwenye jarida. Bango ukutani linatosha. Tasnifu iliyowekwa maktaba inatosha. Hata pakiti ya majaribio uliyomuuzia mkulima bila makubaliano ya usiri inaweza kutosha. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 ya neema tangu atangaze mwenyewe. Chini ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya huna neema hiyo, isipokuwa katika hali chache sana, kama mtu kuivujisha siri yako. Angalia pia muhtasari uliowatumia waandalizi: mara nyingi huwekwa mtandaoni wiki kadhaa kabla ya mkutano wenyewe.

Sasa suala la asili. Ibara ya 27.3(b) ya TRIPS, makubaliano ya biashara ya kimataifa kuhusu haki miliki, inaruhusu nchi kunyima hataza mimea na wanyama, lakini si vijidudu. Haisemi, hata hivyo, kama bakteria aliyetolewa udongoni bila kubadilishwa ni uvumbuzi, na hapo ndipo nchi zinapoachana njia. Ulaya, kwa Maelekezo ya 98/44/EC, inakubali kitu hai kilichotengwa kutoka mazingira yake hata kama kilikuwapo tayari. Brazili inakubali vijidudu vilivyobadilishwa vinasaba tu. India haitoi hataza kwa kugundua kiumbe kilichopo katika maumbile. Marekani ilimpa mwanasayansi Chakrabarty haki mwaka 1980 kwa sababu bakteria wake wa kumeng'enya mafuta ghafi alikuwa ameongezewa plasmidi, yaani vipande vidogo vya DNA. Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Myriad, mahakama ya juu ikasema kutenga tu DNA ya asili hakutoshi. Kwa hiyo ombi lako liandikwe ili lisimame hata pale penye masharti makali. Ukidai bakteria wenyewe tu, unaweza kupata Ulaya na kukosa katika nchi kama Brazili, India na Marekani.

Kesi inayokugusa hasa ni Funk Brothers dhidi ya Kalo, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1948, na bakteria wake walikuwa hawahawa wa vinundu vya mizizi, yaani jamii ya Rhizobium. Hataza katika fani hii ni za zamani: Nobbe na Hiltner wa Ujerumani walipata ya kwao huko Marekani mwaka 1896. Tatizo lililobaki ni kwamba kila spishi ya Rhizobium huhudumia kundi lake la mikunde, na spishi tofauti zikichanganywa zilikuwa zikidhoofishana. Mkulima mwenye mazao kadhaa alinunua pakiti kadhaa. Mvumbuzi aitwaye Bond aligundua kwamba ndani ya kila spishi zimo streni, yaani koo mahususi, zisizodhuriana, akazichagua na kuziweka pamoja katika pakiti moja. Ilikuwa kazi nzuri na yenye manufaa. Mahakama ikaifuta hataza yake: kila bakteria ndani ya pakiti aliendelea kufanya kilekile alichofanya akiwa peke yake, na kukaa pamoja bila kugombana ni tabia ya maumbile.

Kuna sehemu ya hukumu hiyo ambayo watu huiruka, nami naiona nzito kuliko yote. Jaji Frankfurter alikubaliana na matokeo kwa sababu nyingine: Bond hakuzitambulisha streni zake. Alidai mchanganyiko wowote wa streni zinazopatana, hata zile ambazo wengine wangezitafuta kwa jasho lao. Aliomba mlango mzima na alikuwa na ufunguo mmoja.

Kwako maana yake ni hii: lazima uthibitishe kwamba watatu hao pamoja wanafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao analifanya peke yake. Jaribio ulilonieleza, la mchanganyiko dhidi ya Rhizobium tu, halionyeshi hilo. Unahitaji mbegu zisizopakwa kitu, mbegu zilizopakwa kibebeo (kitu kinachobeba bakteria hadi kwenye mbegu) kilichotakaswa bila bakteria, kila bakteria peke yake, kila jozi, kisha wote watatu, kwa kiasi kilekile cha seli hai. Tuseme Rhizobium anaongeza uzito wa mmea kwa gramu 2, Bacillus gramu 1, Pseudomonas haongezi kitu. Mchanganyiko ukitoa gramu 3, umejumlisha tu, na mkaguzi wa ofisi ya hataza atakuambia hivyo. Ukitoa gramu 6, una jambo. Na ikiwa huyo Pseudomonas asiyefaa kitu peke yake ndiye anayezidisha vinundu vya Rhizobium, huo ndio ushahidi bora kabisa unaoweza kuwa nao. Uchunguze kwa kina. Mwongozo wa ofisi ya hataza ya Marekani wa mwaka 2014 ulifuata mantiki hiyo: mchanganyiko unaombadilishia bakteria sifa aliyokuwa nayo katika asili una nafasi, usiombadilishia hauna.

Usipuuze njia ya pili. Bacillus hutengeneza spora, yaani chembe ngumu za kujihifadhi, na huvumilia ukavu, lakini Rhizobium na Pseudomonas hawana spora na hufa upesi juu ya mbegu kavu. Zaidi ya hapo, Bacillus na Pseudomonas wengi hutoa antibiotiki zinazoweza kuwadhuru wenzao. Ikiwa umepata namna ya kuwaweka hai wote watatu, kwa kibebeo fulani, sukari ya kukinga seli au mpangilio wa kukausha, hiyo ni kazi ya mikono yako, na dai la namna hiyo huvuka mipaka kwa urahisi kuliko dai la bakteria. Kwa uzoefu wangu, hapo ndipo mara nyingi penye thamani ya kweli.

Kuhusu maelezo, bakteria hawezi kuelezwa kwa maneno kiasi cha mtu mwingine kumpata. Ndiyo maana kuna Mkataba wa Budapest wa mwaka 1977. Unaweka sampuli katika hazina moja inayotambuliwa, kama DSMZ ya Ujerumani au ATCC ya Marekani, nayo inakubalika katika nchi zote wanachama. Hazina hupima kama seli ziko hai, hukupa namba, na huzitunza kwa angalau miaka 30. Weka kila streni peke yake, ikiwa safi. Ulaya inataka sampuli iwe imewekwa kufikia siku ya kuwasilisha ombi, kwa hiyo anza sasa. Vibali vya kusafirisha vijidudu huchelewa. Ujue pia kwamba ombi likishachapishwa, wengine wanaweza kuomba sampuli hiyo kwa masharti.

Siri? Kwa streni zenyewe, hapana. Anayenunua pakiti yako anachota kidogo, anazimua kwa maji yaliyotakaswa, anapaka kwenye sahani ya agari (ute wa kukuzia vijidudu), na baada ya siku chache makundi ya bakteria wako yako mbele yake, yakijizalisha bila gharama. Mbinu za kiwanda za kukuza seli zinaweza kubaki siri, ilimradi ombi lako limetoa maelezo ya kumwezesha mtaalamu kuutekeleza uvumbuzi.

Hakikisha pia udongo ulichukuliwa kwa kibali. Itifaki ya Nagoya, ya kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zake, inafanya kazi tangu 2014, na mkataba wa WIPO (Shirika la Haki Miliki Duniani) uliopitishwa Mei 2024 unazitaka nchi wanachama zimdai mwombaji ataje nchi ya asili ya rasilimali za kijenetiki.

Kama majaribio ya jozi hayatakamilika kabla ya mkutano, wasilisha ombi la kwanza kwa data uliyonayo. Una miezi 12 ya kuwasilisha ombi kamili likidai tarehe ya lile la kwanza. Lakini tarehe hiyo inalinda tu kilichoandikwa mle. Ukiongeza baadaye matokeo ya jozi au kibebeo kipya, hayo yanahesabiwa tangu siku ulipoyaongeza, na bango lako mwenyewe linaweza kutumika dhidi yako. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha bango, liweke kando ya ombi ulilowasilisha, na ufute kila sentensi isiyokuwamo.