Panya weusi wamerudi: tulikosea wapi?

SWALI: Tunatunza kipande cha msitu wa asili katikati ya Sydney, kimezungukwa na nyumba pande tatu. Tulinasa panya weusi (Rattus rattus) kwa wiki mbili, tukakaa miezi mitatu tukisubiri kibali, kisha tukaachia panya 12 wa msituni (Rattus fuscipes), ambao ndio wenyeji wa Australia. Mwaka umepita na mitegoni tunakuta weusi watupu. Tuweke sumu?

JIBU: Sumu msiweke. Ile inayozuia damu kuganda haichagui panya, na bundi akila panya aliyekwisha kuinywa naye hudhurika.

Kilichowaponza ni miezi mitatu ile. Panya hawa hugombea maficho na chakula, na aliyetangulia kukaa ndiye mwenye nguvu. Jaribio la mwaka 2011 kandokando ya bandari ya Sydney lilijengwa juu ya wazo hilo: weusi waondolewe, wenyeji wajazwe mahali pao wawe walinzi. Nyinyi mliacha nyumba wazi, kisha mkaleta walinzi 12, ambao hawatoshi hata kukutana wazaane.

Kibali cha serikali ya jimbo la New South Wales na cha kamati ya maadili ya wanyama vipatikane kabla ya mtego wa kwanza. Naseni mwishoni mwa majira ya baridi, weusi wakiwa wachache na wenyeji hawajaanza kuzaana. Pangeni mitego ya boksi la alumini kila mita 10 hadi 20, yenye chambo cha siagi ya karanga, oti na asali. Wekeni pamba ya kulalia ndani, mfunike boksi kwa plastiki, na mkague alfajiri. Panya aliyelowa usiku wa baridi hufa upesi. Endeleeni hadi usiku kadhaa upite bila mweusi, kisha achieni wenyeji ndani ya siku chache. Leteni makumi, wengi majike, kutoka misitu zaidi ya mmoja, wala msichukue mama anayenyonyesha.

Kabla ya kuua yeyote, mtambueni vizuri. Mkia wa mweusi ni mrefu kuliko kichwa na mwili vikiunganishwa. Wa mwenyeji hulingana navyo au hupungua kidogo. Likunjeni sikio kuelekea mbele: la mweusi hufika jichoni, la mwenyeji ni fupi na la mviringo. Mtu anayefanya kazi kwa haraka akiwa na tochi hukosea hapa.

Mitego ya pembezoni isiondolewe baada ya kuachia. Weusi watazidi kuingia kutoka kwenye mabanda ya kuku na mboji za majirani, kwa hiyo ombeni ruhusa ya kutega hadi uani kwao.

Uzio wa kuzuia mbweha na paka, kama ule wa kilomita 11.5 uliojengwa kwanza kwenye hifadhi ya Mulligans Flat, Canberra, ni gharama ambayo mimi nisingeianza kwa ajili ya panya wa msituni. Kinachomwokoa zaidi ni vichaka vizito vya chini, majani makavu na magogo yaliyoanguka. Msitu uliofyekwa chini ukabaki miti tu, unavutia macho ya watu lakini panya anaonekana kila anapopita.

Wawekeeni wenyeji chipu ya utambulisho chini ya ngozi kabla ya kuwaachia, kisha tegeni baada ya mwezi 1, 3, 6 na 12. Msishangilie wale wenye chipu. Tafuteni wadogo wasio nayo, kwa maana hao wamezaliwa hapo.