Maswali na Majibu: Chuma Kisichong'aa na Mandhari Yenye Ukungu

Majibu haya ni ya Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, kwa injini yake ya kurenda (kutoa picha ya mwisho) iitwayo Cycles.

Sanamu yangu nimeiwekea Metallic 1 (chuma kamili) na Roughness 0.1 (ukwaruzo mdogo), na taa tatu juu. Mbona inatoka kijivu tupu?

Kwa sababu ndicho kinachoizunguka. Chuma kilichosuguliwa huonyesha mazingira yake. World (mipangilio ya mazingira yanayozunguka kila kitu) ikiwa ya kijivu, utaona kijivu na madoa matatu ya taa. Fungua World, bofya kitone cha njano kando ya Color, chagua Environment Texture, upakie picha ya HDR, yaani inayohifadhi tofauti kubwa za mwangaza (.hdr au .exr), yenye upana mara mbili ya kimo. Kisha nenda Shader Editor upande wa World, chagua nodi hiyo, ubonyeze Ctrl+T. Node Wrangler, nyongeza ya Blender, lazima iwe imewashwa. Zitatokea nodi za Mapping na Texture Coordinate, za kupanga mkao wa picha. Zungusha Rotation Z peke yake, maana ukigusa X au Y upeo wa macho unalala upande.

Weka pia tufe la Metallic 1 na Roughness 0 pembeni. Likiakisi vizuri huku sanamu imefifia, acha kuhangaika na World: kosa liko kwenye materiali.

JPG haitoshi?

Kama mandhari ya nyuma, sawa. Kama chanzo cha mwanga, hapana. JPG ina ngazi 256 kwa kila rangi, hivyo jua na ukuta mweupe vyote hugota 255. Ndiyo maana chuma huonekana kama plastiki na vivuli hulegea. Kupandisha Strength (nguvu ya mwanga wa World) hakusaidii, kunapandisha vyote viwili pamoja.

Uakisi ni safi ila mandhari ya nyuma ina ukungu. Picha ni ya 4K.

Piga hesabu. Pikseli 4096 zimegawanywa kwa nyuzi 360. Lenzi ya milimita 50 kwenye sensa ya milimita 36 huona takriban nyuzi 40, yaani pikseli 450 hivi, nawe unazinyoosha zijaze renda yenye upana wa pikseli 1920. Lazima zififie. Picha ya 16K hupunguza tatizo, lakini hula kumbukumbu nyingi mno. Afadhali uwashe Transparent chini ya Film, kwenye mipangilio ya renda: mandhari hutoweka, uakisi hubaki, na nyuma unaweka picha nyingine baadaye.

Wakati wa kuchonga, mng'ao unabaki palepale nikizunguka sanamu.

Hiyo ni MatCap. Ni picha ya tufe iliyofungwa kwenye jicho la kamera, haina mazingira yoyote. Nzuri kwa kukagua mabonde na mikunjo. Usiitumie kuamulia mwanga.

Nukta nyeupe zimetapakaa kwenye renda.

Jua dogo kali ndani ya HDR, likidunda kutoka uso mmoja unaong'aa hadi mwingine. Shusha Indirect Light (mwanga uliodunda) chini ya Clamping (kikomo cha mwangaza) kutoka 10 hadi 3, na Filter Glossy, inayolainisha uakisi wa mwanga uliodunda, iwe 1. Direct Light (mwanga wa moja kwa moja) iache 0, yaani bila kikomo, la sivyo utaua mng'ao wa jua lenyewe.