Usiulize kama amemaliza dawa

Kwa muda mrefu, nikirudi siku ya tatu kumwona mtoto niliyempa dawa ya malaria, swali langu lilikuwa moja: "Mtoto amemaliza dawa?" Na jibu lilikuwa moja: "Amemaliza, daktari." Mimi si daktari. Ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Ahero, kaunti ya Kisumu nchini Kenya, upande wa mashamba ya mpunga, lakini ukishaonekana na begi la dawa watu wanakupandisha cheo bila mtihani. Basi ninaandika "amepona", ninafunga rejista, ninaenda boma linalofuata.

Siku moja dani mmoja, yaani bibi kwa Kijaluo, akanipokea kwa furaha, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha bati. Ndani yake vidonge viwili vya AL, ile dawa ya malaria tunayotoa. "Nyathina, mwanangu, hivi nimekuwekea. Homa ikirudi usiku sitakusumbua." Mjukuu wake hakuwa amefika kilo 15, kwa hivyo pakiti yake ilikuwa ya vidonge sita: kimoja papo hapo, kingine baada ya muda wa saa nane, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Alikuwa amemeza vinne. Homa ilishuka siku ya pili, dani akaona kazi imekwisha.

Kilichoniuma ni kwamba siku iliyotangulia nilikuwa nimemuuliza njiani, akaniambia amemaliza. Wala hakunidanganya. Kwake yeye kilichomalizika ni homa.

Tangu siku hiyo siulizi kama dawa imekwisha. Ninauliza, "Zimebaki ngapi?" Hilo swali halimtishi mtu. Mama anayeogopa kugombezwa anaweza kunijibu "mbili" bila aibu, kwa sababu nimeongea kana kwamba kubaki ni kawaida. Halafu ninaomba nione pakiti. Pakiti haina adabu, husema ukweli. Swali la tatu ni, "Alimeza na chakula gani?" Dawa hii hufyonzwa vizuri mwilini ikiandamana na mafuta kidogo: maziwa, parachichi, njugu, omena zilizokaangwa. Uji mtupu hautoshi. Na usiende saa sita mchana. Wenye nyumba wako shambani, na mtoto wa miaka saba atakujibu chochote ili arudi kucheza.

Kosa langu kubwa zaidi lilihusu kile kipimo cha haraka cha malaria, na hapa sina wa kumsingizia. Mtoto mmoja alimaliza dawa kweli, pakiti tupu niliiona. Baada ya wiki moja na kitu homa ikarudi. Nikamtoboa kidole, mistari miwili, yaani kipimo kinasema malaria ipo. Nikampa AL tena. Homa ikapungua, ikarudi, nikapima, mistari miwili tena. Nikaanza kuilaumu dawa, na kimoyomoyo nikamlaumu mama yake pia. Alipofika kituoni, kliniki ofisa akaangalia damu kwa darubini asione hata kimelea kimoja. Akageuza kichwa cha mtoto, akatazama sikio. Usaha. Sikio ambalo mimi, mara mbili, sikulitazama.

Aliponieleza nilijikunja kwa aibu. Hivi vipimo vyetu vya haraka havitafuti kimelea chenyewe. Vinatafuta protini ambayo kimelea huiacha, inaitwa HRP2, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ni kama kunusa moshi jikoni ukadhani sufuria bado iko mekoni. Kwa hivyo kabla sijachana karatasi ya kipimo siku hizi ninauliza: mara ya mwisho alimeza AL lini? Ikiwa ni ndani ya mwezi mmoja uliopita, simpimi kwa kile cha haraka wala simpi dozi nyingine. Ninaandika tarehe kwenye fomu na ninampeleka penye darubini.

Na fomu yenyewe, ndugu zangu! MOH 100, ile ya kumpeleka mgonjwa kituoni, ina sehemu ya chini ambayo kituo kinafaa kujaza na kukurudishia, ujue mgonjwa wako alikutwa na nini. Zangu zilikuwa haziendi mbali zaidi ya droo. Nililalamika kwenye mikutano ya kila mwezi mpaka nikachoka. Kisha nikaacha kulalamika, nikaanza kupita kituoni kila Ijumaa na daftari langu dogo la shule, nikimwuliza nesi jina kwa jina. Dakika kumi tu, nikikuta foleni imepungua. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto niliyemwandikia "malaria kali" alikuwa na nimonia. Sikuwa nimehesabu pumzi zake. Sasa ninahesabu, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa aliye na miezi miwili hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kutimiza mitano, hizo ni pumzi za haraka. Simu tuliyopewa ina fomu zake nzuri, lakini lile daftari ndilo limenifundisha, kwa sababu lina safu moja ambayo simu yangu haina: "Nilidhani nini. Ilikuwa nini."

Jiandae pia kwa wale watakaokuambia, "Nyinyi kila mwaka mna jipya." Wazee wanakumbuka klorokwini na mwasho wake. Mimi huwaambia hivi: mwaka 1998 Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria ikachukua nyingine iitwayo SP, na kufikia 2006 AL ikaanza kutolewa, kwa sababu vimelea vilizoea dawa za kwanza. Na hapo ng'ambo, Uganda, tayari vimepatikana vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya AL. Mzee akisikia hivyo huacha kubishana nami, huanza kuuliza kuhusu vidonge vilivyobaki kwenye kabati lake.

Dani naye bado ana kile kikombe cha bati. Wiki jana nilichungulia ndani, nikakuta sindano ya kushonea na vifungo vitatu.