Funga hiyo 3389 kwanza

Ndugu wa Makorora, umeuliza kama IP moja ya nje (anwani ya mtandaoni) inatosha mashine tatu za ndani, lakini katikati ya swali umesema tangu jana usiku umeelekeza poti 3389, mlango wa kuendeshea Windows kwa mbali, kwenye mashine ya Windows yenye anwani ya ndani 10.1.1.20, chanzo 0.0.0.0/0, yaani yeyote duniani, "kwa majaribio, nitabana baadaye". Nenda kaifunge sasa hivi, kisha urudi usome.

Mimi hiyo baadaye niliiacha siku kumi na tisa. Nilikuwa nahudumia duka la jumla pale Ngamiani. Nilipoelekeza poti mara ya kwanza hakikupita kitu, maana kwenye CloudStack, programu ya kuendeshea seva za kukodi, kuelekeza ni jambo moja na fayawoli, yaani ukuta wa ulinzi, kuruhusu ni jambo jingine. Nikampigia fundi wa waliotukodisha seva. Akaniambia ruhusu dunia nzima, ikikubali utapunguza, na poti ya nje ifanye 33890, hakuna atakayeijua. Ikakubali. Mzee mwenye duka akaona hesabu zake akiwa nyumbani Raskazone, akafurahi, nami nikaendelea na kazi nyingine.

Hakuna atakayeijua! Poti zote ni 65,536, na programu za kupekua zinazunguka intaneti usiku na mchana zikibisha kila IP. Na hiyo anwani ya 10 isiyoonekana nje haikulindi tena: umeiambia ruta mwenyewe, kila anayebisha hapa mwingize kule. Nilipokuja kufungua kumbukumbu za Windows nilikuta tukio 4625, yaani jaribio la kuingia lililogonga mwamba, kurasa kwa kurasa: Administrator, admin, test, Administrator tena, yameachana kwa sekunde chache. Halafu, saa tisa na dakika kumi usiku, 4624. Huyo amefaulu.

Asubuhi kila faili lilikuwa na mkia nisioujua, na ujumbe wa kudai pesa. Bakapu ilikuwa kwenye diski ya pili ya mashine ileile, nayo wameifunga vilevile. Hesabu za miezi saba tulizirudisha kutoka vitabu vya risiti, nakala za kaboni zilizofifia, binti wa mzee akinisomea karibu na dirisha ili aone tarakimu. Mzee hakunifokea hata mara moja, na hilo ndilo liliniumiza. Fundi yule hakupokea simu tena. Mtu anayelipwa kutunza seva za watu anathubutuje kusema "ruhusu dunia nzima"?

Poti ya kuendeshea mashine haifunguliwi intaneti. Si 3389, si 22 ya SSH ya kuendeshea seva kwa mbali, si 3306 ya hifadhidata. Nje kinatoka wanachohitaji wateja, 443 ya tovuti (HTTPS), basi. Wewe ingia kwa VPN, njia ya siri iliyofungwa kwa ufunguo: WireGuard, mojawapo ya programu zake, inataka poti moja tu ya UDP, kwa kawaida 51820, na asiye na ufunguo hajibiwi kitu. Usiniambie nenosiri lako ni refu.

Ukishafunga, tafuta 4625 za tangu jana usiku. Kisha tafuta 4624 yoyote yenye anwani ya nje isiyo yako. Ukiikuta, itoe mashine mtandaoni na uandike hapa, hata iwe usiku wa manane.