Tanga kunani? Jibu langu kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema wenzio kazini huko Dodoma wanakutania, "Waja leo waondoka leo, Tanga kunani?", wanataka uwatajie jambo moja la maana lililotoka kwetu, nawe ukakosa la kusema. Umeniuliza uwajibu nini. Limeniuma, maana nilipaswa kukupa jibu hilo ungali mdogo.

Shaaban Robert wanamjua, wamemsoma shuleni. Waongezee tu kwamba alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, na aliwahi kuwa karani wa forodha hapo Pangani. Mapango ya Amboni na vita ya Novemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani, ile walioingilia nyuki, hayo kila mgeni husimuliwa. Mie nataka uwatajie wauza aiskrimu.

Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa na sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayatia kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, Mpemba akatia ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzie ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa.

Sasa sikiliza hapa, mwanangu. Alipokutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, akaambiwa kwamba wao huitia ya moto makusudi ili igande upesi. Yule rafiki alifundishwa na kaka yake. Wauzaji wa mji huu walikuwa wanalijua jambo hilo na wanalitumia kutafutia riziki, shuleni likiwa bado linachekwa!

Mpemba hakulitupa swali lake. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, akamuuliza mbele ya darasa zima. Wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu sababu yake, na wengine kama linatokea kweli, lakini wanaliita kwa jina la Mpemba. Wale wauzaji hakuna aliyeandika majina yao.

Na mkonge ni vivyo hivyo. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62. Miche imehesabiwa mpaka wa mwisho. Manamba, vibarua wa mashamba, walioukata miaka yote ile, babu yako mzaa baba akiwa mmoja wao, nani aliwahesabu? Kila nipitapo shamba la mkonge namkumbuka na mikono yake iliyochanika kwa miiba. Katani ile ilifunga mizigo ya dunia nzima, nayo ilipita mikononi mwa watu kama yeye.

Basi wakikuuliza tena, anza na aiskrimu. Na ukija Idi, usiniletee kitu. Tutapanda basi la Lushoto tufike Magamba, uione shule yenyewe. Chukua sweta, kule baridi.

Mama yako